Utumishi, mtandaoni, wakala au kwa watu: kazi ya ofisini uitafute wapi?

"Shikamoo mjomba. Hivi niendelee kusubiri Utumishi au nihamie LinkedIn?"

Ujumbe uliingia saa tano usiku. Aliyeuandika ni mpwa wangu, mhitimu wa ununuzi na ugavi, na nilijua kilichomnyima usingizi: wenzake wawili wa chuo walikuwa wameitwa kwenye usaili wa kazi za serikali Dodoma, yeye kaipekua PDF ya majina mara tatu na lake hakuliona.

Nikamwitikia marahaba, kisha nikamwambia aligeuze swali. Wengi huuliza nafasi zimejaa wapi. Mimi huuliza kwanza: mwisho wa njia hiyo kuna usaili wa namna gani, na wewe unauweza? Hapa Tanzania kila njia ya kutafuta kazi ina usaili wake. Upo unaokukalisha kwenye dawati na kalamu kama mtihani wa kidato cha sita, upo unaotaka usimulie ulichokifanya kwa mikono yako, upo unaoanza na mshahara kabla hujavuta kiti. Mtu akigawa nguvu sawasawa kote, anafika kila mahali amejiandaa nusu.

Nimezipita zote nne. Kazi ya kwanza niliipata kwa kuambiwa na mtu, ya pili kupitia Utumishi, ya tatu wakala alinipigia simu, hii ya sasa niliiona mtandaoni. Na mara mbili tatu kwa mwaka nakaa upande wa pili wa meza, kwenye jopo.

Nitazipima kwa mambo matano: unaingiaje, inakugharimu nini, unasubiri kiasi gani, usaili wake ukoje, na inamfaa nani.

1. Ajira Portal ya Utumishi

*Unaingiaje.* Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ambayo mtaani tunaiita Utumishi tu, hutangaza nafasi za wizara, halmashauri, wakala za serikali na taasisi nyingi za umma. Maombi hupita kwenye Ajira Portal. Bahasha ya kupeleka mkononi haina kazi. Unajisajili kwa namba ya NIDA, unapakia barua yenye sahihi yako, CV yenye wadhamini watatu, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule na chuo vilivyothibitishwa na wakili. Matangazo mengi yanataka mwombaji asizidi miaka 45. Hati za matokeo ya kidato cha nne na sita hazikubaliwi badala ya vyeti vyenyewe. Uliyesoma nje, vyeti vyako vipite kwanza kwenye mamlaka za elimu, TCU, NECTA au NACTVET, kulingana na ngazi.

Sifa yake kubwa ni kwamba humhitaji mtu. Wa Nachingwea na wa Masaki wanajaza fomu ileile. Lakini fomu hiyo haina huruma. Jumamosi moja nilimwita mpwa wangu nyumbani, tukatandaza vyeti vyake vyote kwenye mkeka sebuleni, kimoja kimoja. Cheti cha kuzaliwa: Yusufu. Cha kidato cha nne: Yusuph. Cha sita: Yusuph. Cha chuo: Yusuf. Jina moja, mtu mmoja, tahajia tatu, na yeye miaka yote hakuwahi kuliona. Majina yakitofautiana hivyo unatakiwa uwe na deed poll, hati ya kisheria ya kunyoosha majina, na hiyo huipati kwa siku moja. Kama hujawahi kutandaza vyeti vyako hivyo, fanya leo jioni, si siku ya tangazo.

*Gharama.* Kuomba ni bure. Hela inaenda kwa wakili wa kugonga mhuri, kwenye steshenari ya kuskani, na kwenye safari, maana tangazo la kuitwa husema wazi kwamba nauli, chakula na malazi ni juu ya msailiwa. Tangu treni ya SGR ianze kwenda Dodoma mwaka 2024, mtu wa Dar amepata nafuu. Wa Mtwara bado anabeba begi la siku nne. Kada nyingine husailiwa mikoani, kama ilivyokuwa kwa walimu mwanzoni mwa 2025, kwa hiyo usiache kwenye akaunti yako mkoa uliokuwa unaishi enzi za chuo.

*Kusubiri.* Hesabu kwa miezi. Tangazo, kimya, PDF ya kuitwa, usaili, kimya, PDF ya kupangiwa vituo. Aliyefaulu lakini nafasi zikajaa huwekwa kwenye kanzidata, na anaweza kupangiwa wakati ameshakata tamaa. Jamaa yangu mmoja jina lilitoka akiwa shambani anavuna ufuta. Shemeji yake ndiye aliyeliona.

*Usaili.* Kuna mchujo wa kuandika, kuna vitendo kwa baadhi ya kada, halafu mahojiano ya ana kwa ana. Mchujo ndio unaoangusha wengi, na kinachoniuma ni kwamba chanzo cha maswali mara nyingi kimekaa wazi kwenye tangazo lenyewe, chini ya "majukumu ya kazi". Chukua mistari hiyo, geuza kila mmoja uwe swali. Tangazo la Afisa Ugavi likisema "kutunza kumbukumbu za vifaa", jiulize: kumbukumbu zipi? Leja ya stoo na kadi inayokaa kwenye rafu zinatofautianaje? Zisipolingana unafanya nini? Mistari kumi inakupa maswali thelathini, na hapo umeshavuka wale wanaokariri historia ya taasisi.

Kisha sheria za fani yako, na ziwe zinazotumika sasa. Nimewahi kulala gesti moja na kijana aliyekuwa anakesha na notisi za chuo za Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2011, wakati ilishafutwa na ile ya 2023. Mfumo wa ununuzi wa serikali aliokuwa anaukariri ni TANePS, na nchi imeshahamia NeST. Nilimwonea huruma, lakini saa nne usiku unamsaidiaje mtu?

Mambo madogo ya siku yenyewe: vyeti halisi, kitambulisho, na namba ya mtihani, ambayo unainakili mwenyewe kutoka kwenye akaunti yako kwa kuwa pale mlangoni haitolewi. Kwenye mahojiano wasaili wana karatasi ya alama na dakika chache. Jibu kwa hoja zinazohesabika: "Kuna njia tatu, ya kwanza..." Anayezunguka mbuyu anampa msaili kazi ya kutafuta mahali pa kuweka alama, na wakati mwingine hapaoni.

*Inamfaa nani.* Mhitimu asiye na uzoefu, mwenye vyeti vilivyonyooka, anayeweza mtihani wa kuandika na mwenye pa kula wakati anasubiri. Nafasi za daraja la chini la kada mara nyingi hazidai uzoefu, na hicho ni kitu adimu.

2. LinkedIn na tovuti za ajira

*Unaingiaje.* Hapa naweka pamoja LinkedIn, tovuti za kutangaza ajira, kurasa za ajira za benki na kampuni zenyewe, na ReliefWeb kwa wanaotaka mashirika ya misaada. Wasifu wako wa LinkedIn unasomwa hata usipoomba, kwa hiyo ile sentensi ya juu kabisa isiwe "natafuta kazi yoyote". Andika unachokijua: "Ununuzi na stoo, sekta ya dawa." CV iwe ya kawaida, bila jedwali, bila michoro ya nyota za kujipa mwenyewe. Kampuni kubwa hutumia programu kuchambua CV, na mapambo huivuruga.

*Gharama.* Bando, na muda. Muda ndio mwingi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu CV moja kwa matangazo hamsini haifanyi kazi. Ombi lililoandikwa vizuri hunichukua saa mbili. Kile kitufe cha kuomba kwa mbofyo mmoja kinakupa raha ya kuhisi umefanya kitu, na wenzako mia kadhaa wanaihisi raha hiyohiyo.

*Kusubiri.* Majibu yakija huja haraka kuliko serikalini. Yasipokuja, hutaambiwa. Mimi nikipitisha wiki nne za kimya nalifuta kichwani.

*Usaili.* Huanza na simu ya dakika kumi na tano, mara nyingi ukiwa kwenye daladala. Omba upigiwe baada ya nusu saa, hakuna anayekasirika. Baada yake video, kisha jopo, na kati yake pengine jaribio la Excel. Maswali yana mtindo mmoja: "Tueleze wakati ulipofanya..." Wanataka hali ilivyokuwa, jukumu lako, ulichofanya, na matokeo. Linganisha majibu mawili niliyoyasikia kwenye jopo letu kwa swali lilelile la kushughulika na msambazaji aliyechelewa. Wa kwanza: "Mimi ni mtu mvumilivu, huwa nawasiliana nao vizuri." Wa pili: "Mzigo wa karatasi ulikwama bandarini siku tisa. Nilipiga simu kila asubuhi, siku ya tatu nikaazima boksi ishirini kutoka tawi letu la Morogoro, kazi haikusimama. Baadaye tukabadilisha mkataba, tukaweka kipengele cha faini." Wa pili hakuwa na shahada nzuri kuliko wa kwanza. Alikuwa na boksi ishirini.

Kwa hiyo andaa visa sita vya kweli kutoka kazini, mafunzo ya vitendo au hata kamati ya harusi, vyenye tarakimu ndani yake. Na vifanyie mazoezi kwa Kiingereza, kwa sauti, kwa sababu usaili mwingi wa kampuni huendeshwa kwa Kiingereza, na kisa ulichokizoea kwa Kiswahili hukwama mdomoni.

Halafu mshahara. Watasema "unatarajia kiasi gani?", na wengi hutaja namba waliyoisikia kwa rafiki bila kuuliza kama ni kabla au baada ya makato. Piga hesabu nyumbani. Tuseme umetaja shilingi 1,200,000 kabla ya makato, wote ukiwa mshahara wa msingi. NSSF, upande wa mfanyakazi, asilimia 10: 120,000. Inabaki 1,080,000 ya kutozwa kodi. PAYE, yaani kodi ya mshahara, kwa kiasi hicho ni 128,000 jumlisha asilimia 30 ya kinachozidi milioni moja, yaani 152,000. Mkononi: 928,000. Kama ulisoma kwa mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo, toa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 180,000. Umebaki na 748,000, na bima hatujaigusa. Aliyeijua hesabu hii anataja namba yake bila kutetemeka.

Serikalini swali hili halikuhusu: tangazo linaandika ngazi ya mshahara, mathalani TGS D, na ngazi haina mjadala.

*Inamfaa nani.* Mwenye miaka miwili na kuendelea ya kazi, mwenye visa vya kusimulia, na asiyeogopa Kiingereza. Mhitimu mpya anaweza kuingia pia, hasa kwenye programu za kampuni za kuchukua wahitimu, ila ajue anashindana na waliomtangulia.

Tahadhari moja: tangazo linaloomba "ada ya fomu" au hela ya kipimo cha afya kupitia namba ya simu ni utapeli, hata liwe na nembo ya Umoja wa Mataifa.

3. Wakala wa ajira

*Unaingiaje.* Unawapelekea CV, wanaiweka kwenye orodha yao, mteja wao akihitaji mtu wanachambua. Wanaoendesha shughuli hii wanatakiwa wawe na leseni, na kanuni za 2014 ziliwarudisha kwenye kazi ya kuunganisha, badala ya kuwaajiri watu wao na kuwakodisha.

*Gharama.* Anayelipa ni mwajiri. Ukidaiwa wewe, kabla au baada ya kupata kazi, ondoka. Ujana wangu nililipa elfu thelathini kwenye ofisi moja ya ghorofani Kariakoo, nikapewa risiti nzuri kabisa. Kazi sijaiona hadi leo.

*Kusubiri.* Hakutabiriki. Waliniita miezi kumi na moja baada ya kuwapa CV, na ndani ya siku nane nilikuwa kazini.

*Usaili.* Ni miwili. Wa kwanza na wakala mwenyewe: anataka kujua kama unaeleweka, unapatikana lini na unataka kiasi gani. Wa pili na mwajiri, unaofanana na wa kampuni nilioueleza juu. Tofauti ni kwamba hapa una mtu wa kumuuliza. Mpigie wakala siku moja kabla: jopo lina watu wangapi, aliyeondoka aliondokea nini, wanachukia nini? Wakala naye anataka upite, maana usipopita halipwi. Watu wengi hawaulizi, sijui kwa nini.

*Inamfaa nani.* Wenye fani inayotajika kwa neno moja: mhasibu mwenye CPA, mtaalamu wa ugavi aliyesajiliwa na PSPTB, bodi ya fani hiyo, fundi mkuu, meneja mauzo. Pia aliye kazini ambaye hataki bosi amwone anahangaika LinkedIn. Mhitimu mpya huku hukaa kwenye orodha tu.

4. Kwa watu

Neno koneksheni limeharibika, na kuna sababu ya kuharibika. Ninachozungumzia ni taarifa: mtu anakwambia kwamba idara fulani inatafuta mtu, au anasema kwa bosi wake "huyu nilifanya naye kazi, anawahi". Hela ya kupewa kazi ni rushwa. Na anayekutaka kimwili ili akupe nafasi anatenda kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Simu ya bure ya TAKUKURU ni 113.

*Unaingiaje.* Kwa waliokuona ukifanya kazi: msimamizi wa mafunzo ya vitendo, mwalimu aliyesimamia utafiti wako, mwenzako wa chuo aliyetangulia. Usimwombe kazi, muulize kazi yake ikoje: "Kaka, kwenu stoo mnatumia mfumo gani? Mtu akitaka kuingia huko ajifunze nini kwanza?" Mtu huweza kujibu swali hilo. "Naomba unikumbuke kwenye ufalme wako" halijibiki.

*Gharama.* Fadhila, na fadhila zina riba. Ukiharibu kazini, aliyekutaja ndiye anayeitwa.

*Kusubiri.* Ama wiki, ama miaka.

*Usaili.* Hufanana na maongezi, na hapo ndipo mtego ulipo. Bosi anakukaribisha chai, anakuuliza kwenu wapi, unalegea. Kumbe anapima. Kwenye usaili wangu wa kwanza nilidhani tumemaliza salamu, bosi akaniuliza ghafla, "Ukikuta dereva wetu anauza mafuta utafanyaje?" Sikuwa nimeandaa jibu, na nilichosema kilikuwa cha aibu. Nilipata kazi kwa sababu aliyenitaja aliheshimiwa, na yeye mwenyewe hakukosa kuniambia hivyo. Kwa hiyo jiandae kwa chai hiyo kama ungejiandaa kwa jopo la watu watano.

*Inamfaa nani.* Anayehamia fani nyingine, ambaye CV yake haijielezi yenyewe, na wa miji ambako nafasi za ofisi ndogo hazitangazwi kabisa. Mgeni wa mji anaumia hapa. Huyo aanze na mafunzo ya uzoefu wa kazi kwa wahitimu yanayoratibiwa na serikali, au kujitolea kwa muda wenye mwisho ulioandikwa, apate wa kumtaja.

Sasa wewe, kwa hali yako

Umemaliza chuo mwaka huu, huna uzoefu, na kwenu kuna sahani yako: weka siku nyingi za wiki kwenye Ajira Portal na mchujo wake, na ile iliyobaki iwe ya kuwatafuta waliokusimamia mafunzo ya vitendo. LinkedIn fungua, usiishi humo.

Una mtoto na kodi ya nyumba inakaribia: Utumishi omba, lakini usiisubiri. Njia yako ya karibu ni watu, ikifuatiwa na tovuti.

Una miaka mitatu kazini na unataka kupanda: tovuti na wakala. Andika vile visa sita kwanza, wasifu utajiandika wenyewe.

Umekaribia miaka 45 na bado unautaka utumishi wa umma: vyeti kwenye mkeka, wiki hii. Njia nyingine zitakungoja, hii ina ukomo.

Uko mbali na miji mikubwa na mtandao ni wa kuvizia: tafuta steshenari moja ya kuaminika wilayani, ila nywila ya akaunti yako ijue wewe tu, na uingie mwenyewe kuona majina. Nimesikia zaidi ya mmoja aliyeitwa kwenye usaili akajua wiki mbili baadaye, kwa sababu akaunti ilifunguliwa kwa barua pepe ya mwenye steshenari.

Mpwa wangu alichagua Utumishi pamoja na watu. Deed poll ilitoka, akairekebisha akaunti, na sasa Jumapili jioni huja kwangu na tangazo moja lililochapishwa. Mimi nasoma mstari wa majukumu, yeye anaugeuza swali na kulijibu. Jumapili iliyopita tuliishia mstari wa saba, chakula kikaiva.